Doa Kwenye Jicho la Cucu

Nyeri, Jumapili alasiri, 1999

Wangeci,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, sweta mbili nzito, mafuta ya kujipaka, na kwamba usikubali kitanda kilicho karibu na mlango. Sitaongeza neno hapo. Mtu akimsikia atadhani kesho unakwenda kuishi juu ya theluji ya Mlima Kenya, kumbe ni kusomea uuguzi Kerugoya tu, ambako watu wanachuma chai kama sisi na kuumwa na baridi ile ile yetu.

Saa hizi mko kanisani. Akina mama wanakuombea, kisha watakunywa chai na kukupa vikombe vya plastiki. Nimekataa kuja, nikasema nina kazi studio. Sina kazi yoyote. Tangu Ijumaa mlango huu umefunguliwa na mtu mmoja, naye alitaka kujua ofisi ya chifu iko wapi. Nimekataa kwa sababu najua kuna mmoja atakayesimama na kusema, "Huyu ni nesi wa kuzaliwa. Tangu akiwa mdogo hawezi shika kitu kabla hajanawa mikono." Na wote wataitikia.

Nimelisikia neno hilo wiki nzima. Majirani wamelisema, shangazi yako amelisema, hata yule kijana wa duka la picha za rangi amelisema, naye hajui kunawa hata uso. Kila mara nimetikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea sifa. Katika mji huu mzima ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hupendi usafi hata kidogo. Unaiogopa mikono yako mwenyewe. Na aliyekufundisha kuiogopa ni mimi, kwa uwongo. Mwanzoni sikujua kuwa ni uwongo. Baadaye nilijua, nikaukalia kimya miaka saba.

Hiyo ndiyo barua yenyewe, na ukitaka unaweza kuishia hapo. Lakini wewe huwa husomi vitu nusu, kwa hiyo nitaendelea.

Watu husema Baba Wangeci ana dharau, na kwa hilo wamesema kweli. Nimewatazama kupitia kamera kwa miaka ishirini na mitano na sijaona mengi ya kuheshimu. Wanakuja hapa kutoka Mweiga na Kiganjo wakiwa na viatu vya kuazima. Mwanaume anavaa koti la studio, lile lile lililovaliwa na nusu ya wilaya, linalonuka makwapa ya wote, kisha ananiamuru nihakikishe vifungo vyote vinaonekana. Wanataka kukaa mbele ya pazia lililochorwa mlima. Mlima wenyewe uko nje ya mlango, bure, nao hawautazami ila kujua kama mvua inakuja. Mzee mmoja wa kanisa aliniomba nimwongezee nywele kwenye picha. Nilimwongezea kwa brashi. Alishukuru mpaka machozi yakamtoka, nami namdharau mpaka leo.

Nilidhani dharau ndiyo jicho la fundi. Nilidhani mtu anayeona kasoro upesi kuliko wenzake ndiye anayeijua kazi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila kasoro niliyoiona ilikuwa upande wa pili wa kamera.

Sasa nikurudishe kwenye ile likizo ya Agosti, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Ulikuwa darasa la nane, na ulikuwa umekaa nami kwenye chumba cha giza siku zote za likizo tangu Aprili. Nilikufundisha chini ya ile balbu nyekundu, ukiwa umesimama juu ya kreti la soda ili ufikie meza. Ulikuwa na mkono mtulivu. Ulitoa karatasi kwenye dawa wakati ule ule unaotakiwa, na hukuhitaji kuhesabu kwa sauti kama mimi. Nilikuonea wivu kidogo. Baba kumwonea wivu mtoto wa miaka kumi na mitatu ni jambo la aibu, lakini leo siandiki ili nionekane mzuri.

Ulipewa jina la mama yangu, na kwa desturi yetu nilikuita Mama tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni. "Mama, nipe mkasi." "Mama, zima taa." Wateja wasio wa kwetu walicheka kumsikia mwanaume mzima akimwita mtoto mama. Kisha niliacha. Sijui kama ulitambua ni siku gani niliacha. Mimi naijua.

Cucu, huyo mama yangu, alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya jino. Mimi nilikuwa nimejaribu kumpiga picha mara nne maishani mwangu, na kila nilipoinua kamera aliukaza uso kama mtu anayehojiwa na askari. Wewe ulimkalisha kwenye kigoda nyuma ya studio, karibu na mfereji wa maji, ukaanza kumwuliza jinsi ya kuanza kusuka kitako cha kiondo. Alisahau kabisa kwamba una kamera. Ulipiga mbili tu, ukaingia kusafisha filamu mwenyewe.

Huku mbele, kwenye kaunta, nilikuwa na shida. Mwalimu mmoja alikuwa amerudisha picha zake za pasipoti. Zilikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, karibu na jicho. Wiki hiyo alikuwa wa tatu kurudisha. Mama Muthoni, yule muuza viazi, waru kama tunavyoviita, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri picha zake na kusikiliza kila neno.

"Fundi, hii ni nini kwa uso yangu?" mwalimu akasema. "Nipeleke kwa ofisi picha iko na ukoma?"

Wakati huo huo ukatoka chumba cha giza umeshika picha ya Cucu ikiwa bado inatiririka maji. Ulikuwa unakuja kunionyesha. Nakumbuka jinsi ulivyokuwa unatembea, kwa sababu tangu siku hiyo sijakuona ukitembea namna ile tena. Niliichukua. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka studio hii. Mama yangu alikuwa ndani yake, mzima, na ile nusu ya tabasamu aliyokuwa akiificha. Na katikati ya jicho lake la kulia lilikuwa lile doa jeupe. Alionekana kipofu.

"Kuja hapa," nikakuambia. "Lete mikono. Hii mikono umetoka nayo wapi? Unashika ugali, unashika mafuta ya nywele, halafu unashika filamu yangu?"

"Baba, nilishika kwa kando. Vile ulinifunza."

"Ati kwa kando! Hebu angalia hapa. Umepofusha mama yangu."

"Na niliosha mikono, Baba. Haki."

"Baba Wangeci," Mama Muthoni akasema, "si uwachane na mtoto? Hata waru huwa na madoa na tunakula."

"Huyu ni mchafu," nikamwambia mwalimu, kana kwamba Mama Muthoni hakuwepo. "Mtu mchafu hawezi fanya hii kazi. Kuanzia leo haingii huko ndani."

Kisha nikaingia mwenyewe, nikaitoa negativu ya Cucu, ile filamu yenyewe, kwenye mashine ya kukuza picha, nikaja nayo kaunta, nikaikata vipande vinne kwa mkasi mbele ya macho yako. Picha nikaichana. Nilifanya hivyo ili mwalimu mwenye kola chafu aone kwamba mimi ni fundi mwenye viwango. Aliona. Alitikisa kichwa akaridhika.

Wewe hukulia. Ulikwenda kwenye mfereji na sabuni ya kufulia, ukaanza kunawa. Mama Muthoni aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anaondoka bado ulikuwa hapo, umejisugua mpaka viwiko. Nilimjibu kwamba afadhali, huenda ukajifunza.

Shule zilifunguliwa ukarudi bweni. Wiki tatu baadaye doa lilikuwa bado linatoka. Mtu mwenye akili ya kuku angejiuliza mikono ya msichana aliye bweni inafikaje studio Nyeri mjini. Mimi sikujiuliza. Nilijiambia kwamba ni mafuta yako yaliyobaki chumbani, kwamba umeiambukiza mashine. Usiku na mchana nilikuwa nimeinama na brashi yenye unywele mmoja na wino, nikipaka rangi doa moja moja kwenye nyuso za watu. Kwa kila doa nililoziba nilikutaja kwa hasira.

Halafu siku moja, kwa haraka, niliweka filamu kinyume. Mteja alikuwa dereva wa trekta kutoka mashamba ya ngano ya Timau, mwenye kovu refu kwenye shavu la kushoto. Picha ilipotoka kovu lilikuwa limehamia kulia. Doa halikuhama. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote.

Nilivuta lile kreti la soda nikaketi.

Unakumbuka mashine ya kukuza picha ilivyo. Taa iko juu, chini yake kuna vioo viwili vinavyoibana filamu, chini yake lenzi, kisha karatasi. Kitu chochote kinachozuia mwanga hapo juu kitaacha alama nyeupe kwenye karatasi. Kwa hiyo doa jeupe linaweza kuwa kwenye filamu, au linaweza kuwa kwenye kioo. Kujua lipi ni lipi si kazi ya elimu. Sogeza filamu. Doa likisogea nayo, liko kwenye filamu. Likibaki mahali pake, liko kwenye mashine, na filamu haina kosa lolote. Hata mtoto anaweza kujaribu hivyo kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa kiatu. Mimi nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka kumi na minane na sikujaribu, kwa sababu nilikuwa tayari na mtu wa kumlaumu.

Nilikichomoa kioo cha juu nikakiinamisha kwenye balbu. Doa lilikuwepo, duara, katikati lina ukungu na pembeni lina mstari wa kahawia. Nilililamba. Ndiyo, nilililamba, na hakukuwa na haja, kwa sababu nilikwisha kulijua. Lilikuwa tone la chai ya maziwa lililokauka.

Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiingia chumba cha giza na kikombe cha chai. Na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye vioo kwa mdomo, fuu, kama anayepoza uji. Wewe nilikukataza vyote viwili. Nilikununulia ile pampu ndogo ya mpira kutoka duka la dawa, ile ya kusafishia masikio, nikakuambia usipulize kwa mdomo hata ukiwa na haraka, kwa sababu mdomo wa mtu hauwezi kutoa hewa peke yake. Wewe ulitii. Mimi nilikuwa fundi, kwa hiyo sheria hazikunihusu. Niligida chai, nikapuliza, nikatema tone kwenye kioo, nikampofusha mama yangu mwenyewe, nikalibandika tone langu kwenye mikono yako.

Nilifuta kioo kwa pamba na spiriti. Kilikuwa safi kabla hata sijamaliza kujitukana.

Sasa nifike kwenye sehemu mbaya zaidi, maana hiyo niliyoisema unaweza kuiita ujinga, na wajinga ni wengi. Sikukuambia. Ulifunga shule Desemba, ukaja nyumbani, ukakaa mezani kwangu ukila, na mikono yako imeanza kupasuka, na sikukuambia. Nilijiambia kwamba umesahau. Nilijiambia kwamba baba hamwombi mtoto msamaha, jambo nililorithi kwa baba yangu, na baba yangu alikuwa mtu wa kudharauliwa kabisa. Zaidi ya yote niliogopa kwamba ungecheka. Ungekuwa na haki ya kucheka, na mimi nilikuwa mtu ambaye hachekwi.

Hukuingia tena chumba cha giza. Watu walipouliza niliwaambia wasichana hawana subira ya kazi hii.

Kisha Cucu akafa. Ulikuwa kidato cha tatu. Familia nzima ilinigeukia mimi, si ndiye mpiga picha, atuletee picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mpiga picha hakuwa na picha ya mama yake. Alikuwa na ile ya kitambulisho, iliyopigwa na karani fulani, ambamo amekaza uso na kitambaa kimeenda upande. Niliikuza mpaka ikawa chembe chembe tupu. Ukisimama mbali ungesema ni mwanamke, ukikaribia ungesema ni ukuta. Nikaitia kwenye fremu ya kioo.

Wewe ndiye mwenye jina lake, kwa hiyo wewe ndiye wa kuibeba. Jeneza lilikuwa limekwisha inuliwa. Kwaya ilikuwa imeanza. Na wewe hukuwepo. Tulisimama wote pale uani, wanaume sita wakiwa na mbao begani, watu mia wakigeuza shingo. Baba yako mdogo akauliza kwa sauti, "Kwani huyo msichana anafanya nini huko kwa mfereji wakati huu?"

Ulikuwa unanawa. Nilikuona. Ulikuwa umeinama na nguo yako nyeusi, unanawa kwa ajili ya kushika ile picha mbaya, ili usije ukamharibu Cucu mara ya pili.

Hapo ndipo mahali pa kusema. Ningeweza kutembea hatua ishirini nikakuambia kwa sikio, na jeneza lingesubiri, mama yangu hakuwa na haraka tena. Nilifanya nini? Niliwageukia wale wanaume nikatabasamu kidogo. Nikasema, "Wasichana wa siku hizi, hata kwa mazishi lazima wajipambe." Wakacheka taratibu, kwa adabu. Nawe ukaja na mikono mibichi ukabeba fremu.

Nimewadharau watu wengi kwa mambo madogo. Nilimdharau yule mzee kwa sababu ya nywele za wino. Sijawahi kupata katika studio hii, kwa miaka yote hii, uso niliostahili kuudharau kama ule niliokuwa nao siku hiyo.

Jumanne iliyopita mama yako alitoa albamu ili uchague picha moja ya kwenda nayo. Ulikuwa umekaa hapo hapo kando yake. Ukasimama, ukatoka nje, nikasikia mfereji. Ulirudi mikono myekundu, vifundo vimepasuka, ndipo ukagusa ukurasa. Mama yako akacheka, "Nesi wangu." Nami nikaondoka chumbani, kwa sababu kama ningebaki ningesema, na sikuwa tayari kusema nikitazamwa. Ndiyo maana naandika. Barua ni njia ya woga, najua. Lakini kesho asubuhi mama yako atakuwa akilia na shangazi yako akitoa ushauri, na mimi nitasimama pembeni nikitazama saa kama kawaida yangu, na utaondoka ukiamini jambo ambalo si kweli.

Kwa hiyo lisome hapa mara moja, kwa herufi zangu, nami nitalirudia mbele ya yeyote utakayemtaka. Mikono yako ilikuwa safi. Siku ile ilikuwa safi, na siku zote za kabla yake.

Sisemi uache uuguzi. Inawezekana utakuwa muuguzi mzuri, na huko watakufundisha kunawa kwa sababu zenye maana, kisha utafunga mfereji na kuendelea na kazi. Sitaki tu uende huko kwa sababu ya chai yangu.

Kamera imo kwenye begi lako, nimeifunga ndani ya ile sweta ya kijani. Si zawadi. Ilikuwa yako tangu siku uliyompiga Cucu, nami nimekuwa nikiitumia bila haki. Imezeeka na inavuta vumbi, kwa hiyo nitakueleza namna ya kuitazama, na hili ni jambo la kazi, si mafumbo. Nachukia barua za wazazi zinazogeuza kila kijiko kuwa mahubiri.

Vumbi likiwa ndani ya kamera hutoa doa jeusi kwenye picha, si jeupe, kwa sababu limezuia mwanga usifike kwenye filamu. Ukitaka kulitafuta, ngoja asubuhi ya anga tupu, upe mlima mgongo, ufunge lenzi mpaka tundu lake liwe dogo kabisa, kisha upige picha ya anga peke yake. Piga tatu. Hakuna uso hapo wa kulificha, kila kitu kitajionyesha. Doa likiwa kwenye picha moja tu, ni chembe iliyopita na filamu, achana nayo. Likiwa mahali pale pale kwenye zote tatu, basi limeng'ang'ania ndani, mara nyingi ni unyuzi au kipande cha ule mpira wa nyuma unaooza. Filamu ikiisha na ukaitoa, fungua mgongo wa kamera ndani ya chumba kisicho na upepo, uielekeze chini ili kinachotoka kianguke, na utumie pampu. Pampu ile ile, nimekuwekea. Kisicholegea kwa pampu kiguse kwa ncha ya brashi laini kwenye ukingo. Lile pazia jembamba la katikati, linalofunguka unapopiga picha, usiliguse kabisa, hata kwa unyoya, maana ukilipinda hakuna fundi kati ya hapa na Nairobi wa kulirudisha, ingawa wote watasema wanaweza.

Utaona watu wakisafisha lenzi kwa ncha ya shati, kwa leso waliyopengea kamasi, kwa mate. Yule kijana wa picha za rangi anatumia tai yake. Zamani ningekuambia uwadharau. Sasa nakwambia uwaazime pampu tu, maana najua mmoja aliyetumia chai.

Kuna jambo la mwisho, nalo limenichukua siku tatu.

Negativu niliyoikata ilikuwa moja. Wewe ulipiga mbili. Ile ya pili ilibaki kwenye kipande chake cha filamu, ndani ya bahasha, ndani ya mkebe wa biskuti, miaka yote hii. Sikuwahi kuitazama vizuri, kwa sababu niliona tu kwamba Cucu alisogea, na picha ya mtu aliyesogea kwangu ilikuwa takataka. Nilimzika mama yangu kwa picha ya karani na hii ikiwa kwenye rafu juu ya kichwa changu. Alhamisi niliitoa. Niliosha vioo vyote viwili. Sikuingia na chai. Nilisogeza filamu kushoto na kulia, nikatafuta doa, sikuliona.

Si nzuri kama ile ya kwanza. Ile ya kwanza haipo tena na sitakudanganya kwamba hii inaweza kuchukua nafasi yake. Kwenye hii Cucu amegeuka, uso una ukungu kidogo upande mmoja, anacheka kabisa, meno yake mabaya yote yako nje. Anakucheka wewe. Na pembeni, chini, mkono wako umeingia kwenye picha. Ulikuwa umeshika kamera kwa mkono mmoja, na kwa wa pili ulikuwa unamrekebishia shuka begani.

Nimeuweka mkono huo chini ya kioo cha kukuza. Nimeutazama kidole kwa kidole, ukucha kwa ukucha, kwa jicho hili langu linaloona kasoro za kila mtu. Hauna kitu.

Mama, picha iko kwenye bahasha ya kaki chini ya karatasi hizi. Itoe hapo hapo ulipo, kwa mikono yako jinsi ilivyo. Usiende kunawa.

Baba